Maji kichwani: MRI imefika Mbeya, lakini kipimo cha kwanza ni tepu ya kliniki

Zamani mgonjwa wa Kyela akiandikiwa kipimo cha MRI, safari ilikuwa ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900. Sasa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina mashine hiyo. Ni hatua kubwa. Lakini mtoto wa Matema au Ipinda atafaidika nayo vipi?

Chukua mfano wa ugonjwa wa kichwa kikubwa. Ubongo hutengeneza maji kila siku, kwa mtu mzima karibu nusu lita. Maji hayo hupita kwenye vijia vyembamba, huzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha huingia kwenye damu. Njia ikiziba, maji hujaa, hukandamiza ubongo na kichwa cha mtoto hutanuka. Si kurogwa. Wengine huzaliwa nao, wengine huupata baada ya maambukizi makali ya utotoni.

MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, bila sindano kuingia kichwani na bila mionzi ya eksirei. Maji yanayotembea hutoa ishara tofauti na yaliyotulia. Picha zikipigwa kwa kufuata mapigo ya moyo, daktari huona maji yakienda na kurudi, mahali yalipokwama, na kama tundu lililofunguliwa kwa upasuaji bado linapitisha.

Si kila mtoto anaihitaji. Utosi ukiwa bado wazi, ultrasaundi inaweza kuonyesha maji yaliyojaa. Uganda nao wanatafuta njia nyepesi: mwaka 2022, huko Mbarara, wataalamu waliunganisha MRI ndogo ya sumaku dhaifu, ikilenga watoto wenye ugonjwa huu.

Hata hivyo, hakuna mashine inayomfuata mtoto nyumbani. Ubongo uliokandamizwa muda mrefu haurudi wote kama ulivyokuwa, hata upasuaji ukifanikiwa. Kwa hiyo kazi inaanzia kliniki, kwa tepu ya kupima mzunguko wa kichwa. Mzazi, omba kichwa kipimwe na namba iandikwe kwenye kadi. Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona:

- kichwa kinakua haraka kuliko mwili;
- utosi umevimba hata mtoto akiwa ametulia;
- macho yanaelekea chini muda wote;
- anatapika mara kwa mara, hanyonyi, analala kupita kiasi au ana degedege.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, uliza kuhusu rufaa, na uliza mapema gharama za kipimo na usafiri.

Kwa viongozi wetu, mashine isipimwe kwa idadi ya picha tu. Ulizeni pia: watoto wa Kyela wanafika Mbeya wakiwa na umri gani? Wa wiki sita na wa mwaka mmoja watapigwa picha ileile, lakini hawatapona sawa.