Sikio likizima ghafla, usingoje

Ndugu yangu Muislamu, umeamka sikio moja halisikii, linavuma, na nyumba inazunguka. Hapa Lemara wapo watakaokuambia ni jini, au utie mafuta ya vuguvugu sikioni. Usikubali. Kisomo ni haki, lakini kisikucheleweshe. Hii ni dharura: wahi hospitali ya Mount Meru siku hiyo hiyo, wakikupa rufaa ya KCMC, nenda. Dawa hufaa zaidi zikianza siku za mwanzo. Wiki mbili zikipita, nafasi ya kusikia tena hupungua sana. Na ukiona mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki, huenda ni kiharusi. Usingoje hata saa moja.

Mtume (s.a.w.) ametuagiza tutafute dawa. Kukaa nyumbani ukisema "Allah anajua" si tawakkul.

Na swala? Imran bin Huswayn alipougua, Mtume alimwelekeza: aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Basi swali kwenye kiti bila haya. Nanyi maamuma, mkimwona ndugu anayumba, msimdhanie pombe. Mshikeni mkono.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.