Kutumwa dukani si kukopa

Wiki hii binamu yangu alinipigia simu kutoka Minneapolis, sauti imemkauka. Mama yake, shangazi yangu, amelazwa kwa kiharusi, na wadai wanampigia binamu kila asubuhi kwa kuwa kadi moja ya mkopo ya mama yake ina jina lake. Alipewa anunulie dawa na mboga. Nikamsihi asome mkataba kwanza. Kule Marekani, aliyeruhusiwa tu kutumia kadi kwa kawaida hadaiwi. Anayedaiwa ni mwenye akaunti na aliyetia sahihi kukopa naye. Kutumwa dukani si kuandikwa kwenye daftari la madeni. Aache kuitumia, aombe jina lake liondolewe, asilipe kwa hofu. Kumuuguza mzazi ni wajibu. Kumtisha anayeuguza ni dhuluma.