Hati za Mtoto Zisingoje Siku ya Safari

Tangu mgodi wa Bulyanhulu uanze kutoa dhahabu mwaka 2001, wafanyakazi wamekuja kutoka kila pembe ya nchi, na wengi wamezaa watoto wao Kakola na Kahama. Mtoto akiugua, na daktari akaagiza apelekwe India kutibiwa, ndipo baba aanzapo kupekua sanduku. Pasipoti ya mtoto yataka cheti chake cha kuzaliwa, ridhaa ya wazazi, na cheti au kiapo cha kuzaliwa cha mzazi. Hapo ndipo yaonekanapo kwamba mtoto hakuandikishwa, au jina la baba limeandikwa vingine kliniki na vingine kazini. Maradhi hayangoji masahihisho.

Twasema wazi kwamba kosa hili si la mzazi peke yake. Sheria yataka uzazi uandikishwe katika siku 90. Tena, kwa mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na baadaye kufika Shinyanga na Geita, watoto wasiotimiza miaka mitano hupewa vyeti bure zahanati na katika ofisi za kata. Lakini mchimbaji aliye chini ya ardhi mchana kutwa aende saa ngapi? Waajiri wampe ruhusa bila kumkata mshahara, na matawi ya wafanyakazi yadai siku ya maandikisho papo hapo mgodini.

Nasi wazazi tutimize wajibu wetu. Mtoto azaliwapo, cheti kitangulie karamu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.