RPG za zamani si kamari: Kolwezi iache kuchanganya mambo

KOLWEZI, Lualaba. – Katika mji huu mtu akitaja michezo ya video, wazazi wanasikia mambo mawili tu: mpira wa PlayStation na tiketi za kubeti. Mtoto akikaa na telefoni mkononi anaitwa mvivu. Akionekana kwenye kibanda cha michezo kando ya barabara anaitwa mhuni. Mhubiri anasema ni kazi ya shetani, mwalimu anasema inaua masomo, na mwenye kibanda anasema mchezo ni mchezo, kinachotakiwa ni makuta tu.

Wote watatu wana kosa moja. Wanatia kila kitu katika gunia moja na kulipa bei moja. Ajabu ni kwamba hapa Kolwezi hakuna mchimbaji anayekubali hivyo kwa madini yake. Gunia linapita kwenye mizani, halafu linapita kwenye Metorex, ndipo bei inatajwa. Kwa nini basi mchezo unaokula saa nyingi za mtoto usipimwe?

Kuna aina moja ya michezo inayoonewa zaidi katika uchanganyaji huu. Vijana wanaiita RPG ya mapigano. Ni mchezo ambamo mchezaji anavaa nafsi ya mtu mmoja, anatembea naye dunia nzima, anapigana kwa mkono wake mwenyewe, na mtu yule anakua kadiri safari inavyoendelea. Ile ya zamani, ya miaka ya 1980 na 1990, ndiyo inayostahili kutetewa, kwa sababu ndiyo iliyoweka mizani. Na mizani hiyo ina maswali matatu.

Swali la kwanza: je, mkono wa mchezaji ndio unaofanya kazi? Katika michezo kama Wizardry ya mwaka 1981, mchezaji alichagua neno kwenye orodha, halafu akangoja mashine ijibu. Mwaka 1984 Wajapani walivunja desturi hiyo. Nihon Falcom walitoa Dragon Slayer, T&E Soft wakatoa Hydlide. Adui hakungoja zamu tena. Mchezaji akilala, anapigwa. Mwaka 1987 Falcom wakaleta Ys, ambamo kijana Adol anamgonga adui kwa mwili wake, na akimgonga vibaya, yeye ndiye anayeumia. Akili peke yake haikutosha tena, na vidole peke yake havikutosha pia.

Swali la pili: je, kilichopatikana kwa jasho kinabaki? Hapa ndipo RPG inaachana na michezo mingine ya kupigana. Katika mchezo wa kawaida wa mapigano, mashine ikizimwa, kesho mtu anaanza sifuri. Katika RPG, mtu aliyejengwa jana yupo leo, na nguvu zake, na silaha zake, na njia aliyoipita. Secret of Mana, iliyotoka Japani mwaka 1993, ina silaha nane, na kila silaha inazoeleka kadiri inavyotumiwa. Anayetaka kuujua upinde aupige. Hakuna njia ya mkato. Tena baada ya kila pigo nguvu inashuka, na mchezaji lazima angoje ipande hadi asilimia 100 kabla ya kupiga tena. Anayebonyeza ovyo anapiga kama mtoto mchanga.

Mashabiki wanabishana kuhusu The Legend of Zelda ya mwaka 1986. Wengi wanasema ndiyo baba wa ukoo huu. Hapana. Zelda inapita swali la kwanza bila shida. Katika la pili inapita nusu: katriji yake iliyouzwa Marekani mwaka 1987 ilikuwa na betri ndogo ndani ili safari isipotee. Lakini Link hakui yeye mwenyewe. Anapata nguvu kwa kuokota: moyo hapa, upanga pale. Zelda II ya mwaka 1987 ilijaribu kumfanya akue kwa kupigana, halafu njia hiyo ikaachwa. Zelda ni mjomba. Anaheshimiwa, anapewa kiti cha mbele, lakini nyumba si yake.

Swali la tatu ndilo kubwa, na ndilo linalosahauliwa hata na mashabiki: je, dunia inabadilika kwa sababu mchezaji alipita hapo? Mfano wake bora ni Soul Blazer, uliotengenezwa na Quintet na kutolewa Japani mwaka 1992. Hadithi yake mtu wa Kolwezi haihitaji kufafanuliwa. Mfalme anafanya mkataba na pepo mbaya: kwa kila roho ya raia wake, analipwa kipande kimoja cha dhahabu. Anauza watu wote, na wanyama, na miti. Nchi inabaki tupu. Mchezaji anatumwa kwenye nchi hiyo, na kila anaposafisha shimo la maadui, kitu kimoja kinarudi juu: nyumba, mzee, mbwa, mlango. Akirudi kijijini anakuta mtu amekaa mahali palipokuwa jangwa, na mtu huyo anazungumza naye.

Mwaka huohuo wa 1992, hapa Katanga, treni zilikuwa zinangojwa kwa sababu nyingine. Familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi, na mwaka 1993 zamu ikafika Kolwezi. Watu walilala kwenye stesheni na mizigo yao kwa majuma mengi, na wengine walikufa kabla ya gari kufika. Kampuni ya Gécamines nayo ilikuwa imeanguka, tangu sehemu ya mgodi wa Kamoto ilipoporomoka mwaka 1990. Wala hayo hayakuwa mwisho. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta kwa ajili ya kobalti, na mamia ya familia yakahamishwa. Septemba 2023, Amnesty International na shirika la hapa Kolwezi, IBGDH, walitoa ripoti juu ya watu waliotolewa kwa nguvu katika nyumba na mashamba ili migodi ya shaba na kobalti ipanuke.

Hakuna anayesema mchezo unarudisha nyumba. Nyumba inarudishwa na fidia ya haki, na fidia haiko ndani ya katriji. Lakini mtoto aliyeona ukuta ukijengwa mahali alipokuwa akicheza anajua vizuri kabisa hadithi ya mfalme anayeuza raia wake. Katika Soul Blazer anaona jambo ambalo hajaliona mtaani: kinyume chake. Quintet haohao walitoa Terranigma mwaka 1995, ambamo kijana Ark anafufua mabara, kisha mimea, kisha wanyama, kisha watu, na miji inakua kadiri anavyowasaidia wakaaji. Terranigma haikuuzwa Marekani kabisa, lakini Ulaya ilitolewa hata kwa Kifaransa. Secret of Mana nayo ina toleo la Kifaransa. Mwanafunzi anayeisoma hadi mwisho amesoma Kifaransa kingi bila fimbo ya mwalimu.

Sasa wapimwe wapinzani.

Mchezo wa mpira haujatenda dhambi, lakini mechi ikiisha imeisha, na anayefuata kwenye foleni anashika maneti. Hiyo ni burudani, na burudani si mbaya. Tatizo kubwa ni kundi la pili: michezo ya telefoni inayojiita RPG, yenye panga, majoka na namba zinazopanda, ambayo inauza kile ambacho RPG ilikataa kuuza. Mtoto anapigana siku mbili bila kusonga, halafu mlango unafunguka: lipa upate nguvu. Au lipa ufungue sanduku, na ndani ya sanduku hujui kuna nini.

Mfano mkubwa ni wa jina kubwa. Diablo ya kwanza, ya Januari 1997, ilikuwa RPG ya mapigano kweli kweli. Mtu aliinunua mara moja na kushuka ndani ya kanisa lile kwa jasho lake. Mwaka 2022 ikaja Diablo Immortal ya telefoni, bure kuingia, na kulipa ili kukua haraka. Haikutolewa Ubelgiji wala Uholanzi, kwa sababu ya sheria za nchi hizo juu ya masanduku ya bahati. Ubelgiji ilikuwa imeshasema tangu mwaka 2018: sanduku la kulipia lenye zawadi isiyojulikana ni kamari. Yaani watoto wa Brussels wanalindwa, na watoto wa Kolwezi waachwe wazi?

Mizani inajibu yenyewe. Mkono wa mchezaji? Haufanyi kazi, makuta ndiyo yanafanya. Kilichopatikana kinabaki? Hakikupatikana, kilinunuliwa, na kesho kitatoka cha bei zaidi. Dunia inabadilika? Hapana, maana mchezo ukiisha duka nalo linafungwa, kwa hiyo hauruhusiwi kuisha. Kitu hicho ni ndugu wa tiketi ya kubeti, na wazazi wanaolalamika juu ya kubeti wanapaswa kukilalamikia hicho kwanza.

Wengine watauliza: familia inayolala bila bukari inahitaji mchezo wa nini? Swali ni la haki, na jibu ni fupi. Telefoni tayari imo nyumbani. Mtoto tayari anacheza. Makuta ya kununulia nguvu za uongo yanatoka kwenye bukari hiyohiyo. Mchezo wa zamani hauombi kitu baada ya kununuliwa, wala hauhitaji intaneti kila dakika. Secret of Mana inauzwa kwa telefoni kwa bei ya mara moja. Nyingi nyingine zinazunguka mjini kwa kunakiliwa bila ruhusa ya waliozitengeneza. Hilo si jambo la kusifia, na kampuni za Japani zinazokataa kuziuza upya zina sehemu yao ya lawama.

Wengine watasema hiyo ni michezo ya kigeni, ya upanga na pepo, haina lolote la Mwafrika. Mwaka 2016 Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion: L'Héritage des Kori-Odan. Ni RPG ya mapigano, iliyotengenezwa na Waafrika. Inaanza na mwanamfalme Enzo anayepinduliwa siku ya kutawazwa kwake na shemeji yake mwenyewe, anafukuzwa nchini pamoja na mke wake Erine, na nguvu anayoitafuta njiani ni urithi wa mababu zake. Ni hadithi ya watu waliofukuzwa kwao. Vijana wa Yaoundé waliipokea mizani ya zamani, hawakuivunja. Vijana wa Lualaba wangeweza nini kama mtu angewafundisha?

Tena Lualaba si mgeni katika jambo hili. Sony, ambao PlayStation ni yao, ndio walioanza kuuza betri za lithiamu za kuchajiwa mwaka 1991, na ndani ya betri hizo kulikuwa na kobalti. Leo Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka katika jimbo hili. Mtoto wa Kolwezi anayecheza kwa telefoni huenda ameshika kipande cha ardhi ya kwao, kilichokwenda Asia na kurudi na bei juu yake. Kumuuzia tena nguvu za uongo kupitia kipande hichohicho ni kumchimba mara mbili.

Kwa hiyo kuna mambo ya kufanya, na hayahitaji gavana wala meya. Mzazi aache kuuliza kama mtoto anacheza, aulize anacheza nini, na aulize maswali matatu. Mchezo unaoomba makuta katikati ya safari ufutwe jioni hiyohiyo. Mwalimu wa Kifaransa ajaribu Terranigma kabla ya kuilaani.

Na mwenye kibanda ana kazi kubwa zaidi, kwa sababu ndiye anayelipwa. Aweke angalau mashine moja isiyo ya mpira. Secret of Mana inachezwa na watu watatu kwa pamoja, upande mmoja, kwa hiyo hata hesabu yake ya makuta haiharibiki. Umeme wa Nzilo na Nseke unapita juu ya vichwa vya watu, na mitaani unakatika bila taarifa. Basi awakumbushe watoto kuhifadhi safari kila baada ya muda mfupi. Kisha achukue daftari, aandike jina la kila mtoto na nafasi yake kwenye kadi ya kumbukumbu, na asifute nafasi ya mtoto kwa sababu tu familia yake imehamishwa na hajaonekana miezi miwili. Wengine wanahamishwa mbali na wanakuja kwa miguu. Akifika, akute mtu wake yupo pale alipomwacha.