Gari Ni Lako, Bi Harusi, Lakini Spea Je?



Siku hizi bi harusi wa Ukerewe haishii kuletewa kitanda na kabati. Wapo wanaotaja gari kwenye mahari, na wapo wanaochanga na mume wakanunua miezi michache baada ya harusi: IST, Vitz, Passo, au Noah kama kuna kazi ya kubeba wanafunzi. Mashaallah, hatuna neno na hilo. Neno letu ni kwa kinachofuata, siku gari linapogoma, ndipo unapogundua kwamba aliyelitengeneza huko Japani bado ameshika kipande cha mali yako.

Wenye magari kisiwani wanaijua safari. Unavuka Rugezi hadi Kisorya, unapita Bunda, Lamadi, Magu na Kisesa, halafu Igoma. Wengi wetu tunaijua Igoma kwa makaburi ya ndugu zetu wa MV Bukoba, waliozama tarehe 21 Mei 1996. Ukitokea njia ya Musoma, ndipo pia Mwanza mjini inapoanza, na ndipo fundi wa kwanza anapofungua boneti. Miaka ya nyuma alikuwa anatazama, anagonga, anakutuma dukani. Spea ilikuwa chuma: ukipata inayolingana ukaifunga, gari linaondoka. Sasa fundi anachomeka mashine, anasoma, anatikisa kichwa.

Tulimuuliza mmoja wao atueleze kwa lugha ya watu wasioshika spana. Alisema magari ya sasa yana spea zenye kumbukumbu. Kontrolboksi ya injini inaujua ufunguo wake, na ufunguo una chipu inayotambulika na gari moja tu. Fundi anaweza kupata kontrolboksi ya mtumba iliyotoka kwenye gari la aina ileile, nzima kabisa, akaifunga na gari lisiwake, kwa sababu haijatambulishwa. Kuitambulisha kunahitaji programu ya kiwanda, na kiwanda huitoa kwa mawakala wake kwa mkataba. Magari mengi tunayoendesha hayakuwahi kuuzwa mapya nchini kwetu. Yamekuja yakiwa yametumika, kwa hiyo hata ukimfuata wakala rasmi huenda asikuone kama mteja wake.

Tena kuna ule mtindo wa kuuza kitu kizima pale kilipoharibika kidogo. Mpira wa bushi umeisha, unaambiwa ununue mkono mzima. Kioo cha taa kimepasuka, unauziwa taa yote. Mama anayejua kubadilisha kifungo cha gauni bila kununua gauni jipya ataliona hilo mara moja.

Mwenzetu mmoja hukodisha mapambo na nguo za harusi. Alisimama Igoma kununua maji, na ule ufunguo wa kisasa, wa kubonyeza tu, ukapotea kwenye msongamano. Ndani ya gari kulikuwa na gauni la bi harusi wa watu, na akdi ni baada ya swala ya Alasiri. Walivunja kioo, gauni likaenda kwa bodaboda, harusi ikafungwa alhamdulillah. Gari lilibaki pale siku kumi na moja. Ufunguo mpya ulitakiwa pesa ya mbuzi wawili wa akika, na kabla ya pesa alitakiwa aonyeshe kadi ya gari. Kadi ina jina la mume. Mume yuko mgodini Geita, simu haishiki. Gari alilonunua kwa pesa ya mapambo yake mwenyewe, karatasi ikasema si lake.

Hapo ndipo sisi wanawake tunapoumia mara mbili. Kiwanda kinapofunga spea kwa siri, na kadi ikiwa kwa jina la mtu mwingine, mke hana pa kushika. Mfikirie mjane aliye kwenye eda, au aliyeachwa akaondoka na gari lililokuwa mahari yake kwa haki kabisa. Surat An-Nisaa, aya ya nne, imeyafanya mahari kuwa mali ya mke. Mali gani hiyo usiyoweza kuitengeneza bila idhini?

Tuliosoma fiqhi ya Kishafii madrasa tunakumbuka mlango wa biashara. Muuzaji akikuuzia kitu kwa sharti kwamba usikiuze tena, sharti hilo linagongana na lengo lenyewe la mauziano, kwa sababu ukishanunua umemiliki. Hakuna kiwanda kilichoandika sharti la spea kwenye karatasi ya mauzo, tunakubali. Kimeliandika ndani ya kontrolboksi, mahali ambapo mnunuzi hawezi kusoma. Kwetu hilo ni baya zaidi, maana muuzaji anatakiwa akufichulie aibu ya bidhaa kabla hujalipa.

Na kuna suala la kuhodhi, jambo ambalo Mtume (S.A.W.) alilikataza. Najua atatokea ustadhi kutukumbusha kwamba wanazuoni wengi wa Kishafii wanalihusisha na chakula tu. Sawa. Lakini Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliona kwamba chochote ambacho kukizuia kunawadhuru watu ni kuhodhi. Sisi tunaegemea huko, hasa tunapoona mama anayelisha watoto kwa Noah moja amekaa wiki mbili bila kazi.

Wenye viwanda wana hoja, na si ya kupuuza. Ufunguo wenye chipu umewapa kazi ngumu wezi wa magari. Spea feki zinaua. Breki mbovu kwenye mteremko haina msamaha, na mifuko ya hewa si kitu cha kujifunzia. Ila tutazame kinachotokea gereji. Programu halali haipatikani, basi anaitwa kijana mwenye laptopu na programu ya kunakili, anataja bei anayotaka na hatoi risiti. Spea halisi haiuzwi kwa rejareja, basi dukani inajaa feki yenye boksi zuri. Kufunga mlango wa halali kumemnufaisha nani?

Wengine wameshaufungua. Afrika Kusini, Tume yao ya Ushindani ilitoa mwongozo ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2021: mwenye gari anaweza kwenda kwa fundi anayemtaka bila kupoteza waranti yake, na spea halisi zipatikane kwa mafundi wa nje pia, isipokuwa zile zinazogusa usalama dhidi ya wizi. Australia ilianza utaratibu wake wa kuwapa mafundi taarifa za kiwanda Julai 2022. Kule Marekani, wananchi wa jimbo la Massachusetts walipiga kura Novemba 2012 kudai haki hiyo. Wakalazimika kupiga kura tena mwaka 2020, kwa kuwa taarifa za magari zilikuwa zimeanza kusafirishwa hewani, pasipo waya, na sheria ya kwanza ilikuwa haizigusi vizuri. Kwa hiyo tusidhani ni jambo la kushinda mara moja.

Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani iliyoanzishwa nayo. Tume hiyo tunaisikia zaidi ikikamata bidhaa feki, kazi njema. Tungependa iulize na swali la pili: kwa nini halisi haimfikii mtu wa kawaida? Ombi letu si kubwa. Anayeonyesha kadi ya gari na kitambulisho chake auziwe spea na atambulishiwe ufunguo, kwa bei iliyobandikwa ukutani, na fundi wa Igoma aweze kulipia programu ya halali kwa siku anazoihitaji, kama anavyolipia umeme.

Wakati tunasubiri hayo, dada unayejiandaa na akdi mwaka huu: gari likiwa ni mahari yako, waambie wazee walitaje hivyo mbele ya mashahidi na kadi ibadilishwe TRA iwe kwa jina lako, usiseme utafanya baada ya fungate. Mkinunua pamoja, kubalianeni mapema kadi itakaa kwa jina la nani na kwa nini. Kabla ya kulipa, nenda na fundi, umuulize ni spea zipi za gari hilo zinazohitaji kutambulishwa na nani Mwanza anaifanya kazi hiyo kwa risiti. Kisha muulize muuzaji ufunguo wa pili uko wapi. Akisema haupo, punguza bei palepale, au mwache na gari lake.