Dawa za Miti kwa Maradhi ya Moyo



Mwezi huu tumekusudia kulijibu swali ambalo twaulizwa mara nyingi na watu wa nyumba zetu hapa Kintinku, nalo ni hili: Je, mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu aweza kujitibu kwa choya, kitunguu saumu na habbasoda, akaviacha vidonge vya hospitali? Jibu letu lina mafungu mawili. Vitu hivyo vina manufaa, hilo hatulikatai. Ama kuviacha vidonge kwa ajili yake, hiyo ni hatari iliyo dhahiri.

Tuanze na mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.). Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud ya kwamba Sahaba Saad bin Abi Waqqas aliugua, Mtume akaenda kumzuru, akamwekea mkono kifuani, akamjulisha kuwa anaugua moyo. Kisha akamwelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu wa kabila la Thaqif, na akataja tende saba za ajwa za Madina zipondwe pamoja na kokwa zake, apewe mgonjwa. Tazameni basi! Dawa ya mti imetajwa, na tabibu naye ametajwa. Hakuambiwa Saad achague kimoja akiache kingine. Na tende zenyewe zilitajwa kwa hesabu.

Choya twaifahamu sote. Hustahimili ukame, na kwa hiyo hulimwa katika nchi yetu hii na kwa jirani zetu wa Dodoma. Yale majani manene mekundu yaliyolizunguka tunda lake huanikwa, yakachemshwa, yakanywewa. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 65 ambao shinikizo lao lilikuwa limepanda kidogo. Baadhi yao walikunywa choya vikombe vitatu kila siku kwa muda wa majuma sita, na hesabu yao ya juu ilishuka kwa kadiri ya 7. Wenzao waliopewa kinywaji kisicho na choya walishuka kwa kadiri ya 1 tu. Faida hiyo ni ya kweli, lakini ina mpaka. Mtu ambaye hesabu yake ya juu ni 180, akipunguziwa 7, bado yumo hatarini.

Kitunguu saumu na habbasoda navyo vimeonekana kuteremsha shinikizo kidogo. Lakini anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, akizidisha kitunguu saumu aweza kutokwa na damu kwa wingi. Na anayechanganya choya nyingi na vidonge vya presha, huenda shinikizo likashuka kupita kiasi, akaona kizunguzungu na kuanguka. Kwa hiyo ni wajibu kumweleza daktari kila kitu tunachokunywa nyumbani, wala tusione haya.

Kwani kilicho na nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru pia. Katika karne ya 18, tabibu wa Uingereza aitwaye William Withering alipata habari za dawa ya bibi mmoja mzee iliyotibu uvimbe wa mwili. Akatambua kuwa katika mchanganyiko ule wa majani mengi, lenye kazi ni jani la mti wa digitali. Alitumia miaka kama 10 kukitafuta kipimo chake, akatoa kitabu mwaka 1785. Kutokana na mti wa namna hiyo yapatikana dijoksini, ambayo hata leo madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Baina ya kipimo chake kiponyacho na kile kiuacho pana nafasi ndogo sana.

Tena shinikizo la damu halina maumivu, na hapo ndipo wengi wanapohadaika. Mzee mmoja wa mji wetu aliuziwa chupa ya dawa na mchuuzi wa mnadani, akaambiwa aviache vidonge. Akajiona mzima kwa miezi kadhaa. Kisha asubuhi moja kinywa kilipinda na mkono wa kulia ukalegea. Watu wa nyumbani wakadhani amepigwa na jini, siku nzima ikapita kabla ya kumpeleka hospitali. Kumbe ni kiharusi! Leo tasbihi huivuta kwa mkono wa kushoto.

Basi, enyi ndugu, pimeni shinikizo katika zahanati hata mkijiona wazima. Kunyweni choya bila ya sukari nyingi, isipokuwa wenye mimba wajizuie. Punguzeni chumvi katika mboga, na magadi katika mlenda, kwani yana sodiamu kama chumvi. Mganga wa tiba asili muulizeni usajili wake, kwani sheria ya mwaka 2002 yautaka. Na maumivu ya kifua, pumzi kukatika au kinywa kupinda, hayo hayangoji chai ya mti: mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Wenye kuhitaji matibabu makubwa ya moyo, ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa hapo Dodoma, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huko Dar es Salaam.

Dawa ni sababu, na mponyaji ni Mwenyezi Mungu. Sababu alizotujaalia ni nyingi, tusizitupe baadhi yake kwa ujinga. Wabillahi tawfiq.