Mvua ya kwanza na tairi ya bodaboda wa mwanao

Wazazi wengi tunamchagua bodaboda wa kumpeleka mtoto shule kwa mambo mawili: anafahamika mtaani, na si mlevi. Ni vigezo vizuri. Mvua zikianza, ongeza cha tatu: tazama tairi zake.

Kinachoisimamisha pikipiki si breki peke yake. Breki hulizuia gurudumu lisizunguke, lakini kinachoizuia pikipiki isiendelee mbele ni msuguano kati ya mpira wa tairi na barabara. Msuguano ukipungua, hata breki mpya haitasaidia sana.

Chukua mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Kwenye lami kavu, pikipiki yenye tairi nzuri inaweza kusimama ndani ya mita 9 hivi tangu breki ishike. Lami ikilowa, umbali huo unaweza kufika mita 16. Ongeza sekunde moja ya dereva kushtuka kabla hajakamata breki, ambayo ni mita 11 nyingine. Jumla mita 27! Na mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki huongezeka mara nne.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo ya kuogopwa zaidi. Vumbi na mafuta yaliyodondoka barabarani kwa miezi huchanganyika na maji yakawa utelezi.

Mifereji ya tairi kazi yake ni kuyasukuma maji pembeni ili mpira uiguse lami. Tairi kipara haina pa kuyapeleka. Kwenye lami kavu hushika vizuri tu, ndiyo maana dereva atakwambia, “Mama, hii bado inatembea.” Anasema kweli, ila ni kweli ya kiangazi.

Mfundishe na mtoto. Weka ndala juu ya sinia kavu, kisha inua upande mmoja taratibu mpaka ianze kuteleza. Paka sinia maji ya sabuni, urudie. Ndala ile ile itateleza mapema zaidi. Muulize: ndala imebadilika? Hapana. Kilichobadilika ni kile kilichoingia kati yake na sinia. Atakuelewa pia ukimkataza kukimbia kwenye vigae vilivyolowa.

Kwa hiyo, wiki hii:

Pitisha kidole kwenye tairi zote mbili. Ukikuta pamelainika, mwambie dereva abadilishe kwanza.

Mtoto avae kofia ngumu inayomkaa, iliyofungwa kidevuni, na asibebwe mshikaki na wenzake.

Siku ya mvua, mtoe nyumbani dakika 15 mapema, na mwambie dereva mbele ya mtoto: “Leo nenda polepole, akichelewa nitaongea na mwalimu mimi.” Dereva wengi hukimbia kwa sababu sisi tumewachelewesha.